Moyo Umesimama, Sawa, Lakini Dawa Imefika?

Naanza moja kwa moja, mashine ya moyo na mapafu, ile inayozungusha damu wakati tunapasua, mnaijua, kubana aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni, mnajua, kwamba ukishaibana misuli ya moyo haipati damu hilo nalo sina haja ya kulieleza hapa. Nimekuja na neno lile lile ninalolisema kila nikipewa maiki, na mlionisikia zamani mtanivumilia: kwenye baipasi, upasuaji wa kushona mshipa mpya kuvuka palipoziba, moyo kusimama ni jambo moja na moyo kulindwa ni jambo lingine kabisa.

Kwanini narudia? Kwa sababu mpaka leo bado nasikia, dawa ya kusimamisha moyo inaingia, mstari wa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, unalala, mtu anasema haya, tuko salama, tushone. Salama kivipi? Mstari umelala kwa sababu potasiamu imezima umeme wa misuli, basi, haujakwambia kitu kingine. Mtafiti Ringer aliona tangu miaka ya 1880 kwamba potasiamu ikizidi moyo unaacha kupiga. Mwaka 1955 daktari Melrose na wenzake wakaleta potasiamu sitreti kwenye upasuaji, ikiwa kali mno, na mioyo ilisimama vizuri tu, ila baadaye ikaonekana dawa yenyewe imeumiza misuli, watu wakaikimbia kwa miaka. Mnaona lakini? Kusimama haikuwa shida hata siku moja.

Sasa hesabu. Moyo unaopiga unakula oksijeni kama mililita 8 hadi 10 kwa kila gramu 100 za misuli kwa dakika. Usimamishe bila kuupoza, unashuka mpaka karibu 1. Upoze mpaka nyuzi 22, unafika kama 0.3. Kwa hiyo kusimama ndiko kunakofanya kazi kubwa na baridi inaongezea, hilo nakubali, lakini 0.3 siyo sifuri jamani! Unakula kidogo kidogo na jikoni hakuna anayepika. Akiba ya nguvu ikiisha kabisa misuli inakaza na haiachii tena, ndiyo ule moyo wa jiwe ambao daktari wa upasuaji Cooley na wenzake waliuandika mwaka 1972, unaushika mgumu mkononi na hakuna dawa ya kuulainisha.

Halafu ndio nije kwa mgonjwa wetu wa baipasi, maana huyu siyo kama wa vali, ile milango ya moyo. Huyu kaja kwa sababu mishipa yake ya moyo imeziba. Wewe unapitisha dawa wapi? Kwenye mzizi wa aota, inapoanzia mishipa ya moyo, ishuke kwenye mishipa ile ile iliyoziba! Yaani kizuizi kilichomleta ndicho kinachozuia dawa, na sehemu inayoihitaji zaidi ndiyo inayokosa.

Niliwahi kuwa kwenye upasuaji mmoja, nikiwa bado kijana, mshipa wa mbele umeziba karibu wote. Dawa ikaingia, mstari ukalala, kila mtu akatulia. Mkubwa wetu alikuwa na tabia ya kuchoma sindano ya kupima joto kwenye misuli, sehemu mbili tatu, wengine tukiona anapoteza muda. Upande wa kulia baridi nzuri. Ukuta wa mbele bado una joto, na dawa ile ilikuwa ya baridi, kwa hiyo kama pana joto maana yake haijafika, hakuna ubishi. Hakugomba. Alibadilisha mpangilio wote, akashona mshipa wa mbele kwanza wakati ulikuwa umepangwa wa mwisho, akapitisha dawa kwenye mshipa mpya uliotolewa mguuni aliokwisha kuushona, akapima tena, joto likashuka tukiwa tunaangalia. Tangu siku ile mstari uliolala haunidanganyi.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mgonjwa wa muda mrefu ana vimishipa vya pembeni vinavyosaidia. Wengine wanavyo, ndiyo, ila vinatosha kiasi gani wakati aota imebanwa? Huwezi kuviona kwa macho, usiweke maisha ya mtu hapo. Mwingine atasema basi tupitishe dawa kinyumenyume, kutoka kwenye mshipa mkubwa wa nyuma unaokusanya damu ya moyo. Safi sana, inapita nyuma ya kizuizi na mimi naitumia, ila upande wa kulia wa moyo haupati vizuri kwa njia hiyo kwa hiyo usiitegemee peke yake, tumia zote mbili. Na wa kufanya baipasi moyo ukiwa unapiga, hamjatoroka nyie, ukifunga mshipa ili ushone, eneo lile nalo linakaa kavu, wekeni kijimrija cha kupitisha damu ndani.

Nilitaka kuongea pia dawa ipi bora, ya hospitali ya St Thomas, ya Bretschneider, ya kuchanganya na damu kama alivyofanya daktari Buckberg, del Nido iliyoanzia kwa watoto, lakini naona naonyeshwa saa. Kwa kifupi, yoyote kati ya hizo haifanyi kazi mahali isipofika. Vali ya aota ikivuja dawa inamwagika ndani ya moyo, unavimba, na safu ya ndani ya misuli inabanwa, itoeni mapema. Zile dawa za kurudiarudia zirudieni kila dakika 20 hivi, msisubiri moyo uanze kucheza ndio mkumbuke. Na kufungua aota nako kuna hatari, damu ikirudi ghafla kalsiamu inafurika ndani ya seli, ndio maana wengi tunatanguliza dawa ya damu yenye joto kabla ya kuachia, hilo peke yake ni mhadhara mzima.

Ninachowaomba ni kitu cha nusu dakika. Kabla hujabana aota, sema kwa sauti mtaalamu wa mashine asikie: eneo gani limeziba zaidi, dawa itafikaje pale, na mshipa upi tunashona wa kwanza. Kama hakuna anayejua, usibane kwanza.