Agatha Christie na nyumba ambayo hakutaka iuzwe

REHEMA: Habari za wakati huu, wasikilizaji. Leo tunaye Agatha Christie, yule mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, lakini sumu na maiti tunaviweka kando. Tunaongelea nyumba zake. Na kaka Baraka, mimi nina hoja nitakayoitetea mpaka mwisho: yule mama alishika uandishi kwa sababu aliogopa nyumba ya kwao isije ikauzwa.

BARAKA: Nyumba ipi sasa? Maana kuna wakati alimiliki nyumba nane kwa mpigo.

REHEMA: Ashfield, mjini Torquay, pwani ya Devon, Uingereza. Alizaliwa humo Septemba 1890. Na aliyeinunua ni mama yake, Clara. Baba mtu alikuwa Mmarekani, akasafiri kwenda New York kwa shughuli zake, akamwachia mkewe kazi ya kutafuta nyumba ya kupanga kwa mwaka mmoja tu. Kurudi, anakuta mama ameshanunua! Alikuwa na urithi wa paundi 2,000, akaipenda nyumba, akalipa.

BARAKA: Bila kumuuliza mume, zama zile?

REHEMA: Bila kumuuliza. Akamwambia wakiichoka wataiuza. Sasa, mwaka 1901 baba akafariki, Agatha ana miaka 11, na pesa zilikuwa zimeshapungua. Clara akawaza kuuza. Watoto wote watatu wakamsihi, akaghairi. Lakini kuitunza ilikuwa kazi kwelikweli.

BARAKA: Na uandishi unaingia wapi?

REHEMA: Miaka inapita, Agatha ameolewa na Archie Christie, ana mtoto, riwaya yake ya kwanza imeshatoka. Mama yake bado anahangaika na Ashfield. Archie kwanza akasema iuzwe. Agatha hataki hata kusikia. Ndipo Archie akamwambia basi aandike kitabu kingine, huenda kikaleta pesa. Kitabu hicho ni *The Secret Adversary*, cha 1922.

BARAKA: Hapo unavuta kamba upande wako, dada. Riwaya ya kwanza aliiandika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwa anafanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali palepale Torquay. Sumu zile zote alizijulia kule. Hakukuwa na nyumba ya kuokoa.

REHEMA: Ya kwanza nakubali. Lakini kuandika kitabu kimoja ni jambo moja, kuendelea kuandika ni jambo jingine. Wangapi wameandika kimoja wakaishia hapo?

BARAKA: Haya. Ngoja niwaambie wasikilizaji jambo linalotuhusu sisi huku. Agatha alikuwa na kaka, Monty. Huyu alikuja Afrika Mashariki, akatumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ile Keya ya wazee wetu, na akawa na mpango wa boti ya mizigo katika Ziwa Victoria, dada yao mkubwa akiingiza pesa zake. Mpango ukafa. Monty akarudi Ashfield mgonjwa, akiwa na mtumishi Mwafrika aliyeitwa Shebani. Na kule kwa mama yake akawa anafyatua bastola dirishani kutisha wageni wanaokuja nyumbani!

REHEMA: Mama mzee, nyumba kubwa, na risasi zinapita juu ya bustani. Ikabidi dada zake wamtafutie kijumba chake huko Dartmoor.

BARAKA: Natamani Shebani naye angeacha maneno yake mwenyewe. Tunamjua kupitia kumbukumbu za Agatha peke yake.

REHEMA: Kweli kabisa. Kisha ukaja mwaka 1926. Clara akafariki. Agatha akaenda Ashfield kupanga vitu vya marehemu, chumba baada ya chumba, huku amefiwa na yuko peke yake. Kiangazi kilekile Archie anamwambia anampenda mwanamke mwingine, anataka talaka. Desemba Agatha akatoweka kutoka nyumbani kwao Sunningdale, akapatikana siku 11 baadaye hotelini Harrogate. Watu wamekishika kisa kile kama mchezo wa upelelezi. Mimi naona mtu aliyefiwa na mama na kuvunjiwa ndoa ndani ya mwaka mmoja.

BARAKA: Lakini Ashfield si aliiuza yeye mwenyewe?

REHEMA: Aliiuza, ndiyo. Mji ulikuwa umeizunguka, shule ikaziba mandhari ya bahari, na mwaka 1938 nyumba ya Greenway ikapatikana kwa paundi 6,000, juu ya Mto Dart. Miaka ya 1960 Ashfield ikabomolewa. Ilimchukua mwaka mmoja na nusu kupata moyo wa kupita barabara ile. Alikuta vijumba vipya ambavyo hakuvipenda hata kidogo, na kitu pekee alichokitambua ni mabaki ya mti mmoja wa bustani yao.

BARAKA: Greenway ndiyo naijua mimi. Wakati wa Vita ya Pili ilichukuliwa na serikali, wakakaa maofisa wa walinzi wa pwani wa Marekani. Mmoja wao akachora picha kuzunguka kuta za maktaba, juu karibu na dari: safari yao ya vita mpaka kufika pale. Vita vilipokwisha wakauliza kama wazifute. Agatha akakataa. Zipo mpaka leo.

REHEMA: Picha alizitaka. Vyoo 14 walivyojenga hakuvitaka, akavutana na jeshi la majini viondolewe!

BARAKA: Na cha ajabu, Greenway hakuandika sana. Ilikuwa nyumba ya likizo, anawasomea jamaa riwaya mpya.

REHEMA: Kuandika kwake hakukudai chumba maalumu. Meza ya kulia chakula, meza ya kunawia uso chumbani, popote penye taipureta. Nyumba moja tu, ile ya Sheffield Terrace, London, ndiyo aliyojitengea chumba: piano, meza imara, kochi, kiti kigumu cha kupigia taipu, kiti kimoja cha kupumzikia. Simu marufuku.

BARAKA: Usisahau Nimrud, Iraki, alikokuwa akichimba magofu ya kale mume wake wa pili, mwanaakiolojia Max Mallowan. Walimjengea chumba cha matofali ya udongo kwa paundi 50, kikaitwa Beit Agatha. Aprili 1950 akaanzia humo kuandika maisha yake. Na pembe za ndovu za kale zilizochimbuliwa alizisafisha kwa krimu yake ya uso.

REHEMA: Anaanza kusimulia maisha yake akiwa jangwani, na anakwenda wapi moja kwa moja? Ashfield.

BARAKA: Hapo umenishika. Sasa msikilizaji anayetaka kuziona nyumba hizi vitabuni aanze wapi?

REHEMA: *Dead Man's Folly*, ya 1956. Mauaji yanafanyika kwenye banda la mashua lililochukuliwa kutoka Greenway, na banda lenyewe lipo. Ukifika Devon nenda, nyumba iko wazi kwa wageni tangu 2009.

BARAKA: Mimi nasema *Five Little Pigs* kwanza. Bustani ya Greenway yenye mizinga ya kivita imo humo, na ni riwaya bora zaidi.

REHEMA: Kwa ubora, sikupingi.