Engaruka: Shamba Lililojengwa kwa Tope la Mto

Ndugu walimu, wanafunzi na wageni wetu, asanteni kwa kufika. Mada yangu leo ni kijieneo kidogo cha wakulima ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni kwa mistari miwili au mitatu, kisha tukafunua ukurasa. Naamini kinastahili zaidi ya hapo, na nitawaeleza kwa nini.

Engaruka iko wilaya ya Monduli, mkoa wa Arusha. Ukifika mji wa Mto wa Mbu unaiacha barabara kuu na kushika njia ya kaskazini, ile iendayo Ziwa Natron, mwendo wa kilomita 60 hivi. Kushoto kwako muda wote unao ukuta wa Bonde la Ufa. Kulia ni tambarare kavu, vumbi na migunga. Mbele unauona mlima Kerimasi, na nyuma yake Ol Doinyo Lengai, volkano hai yenye urefu wa mita 2,962.

Mvua ya pale chini ni haba, milimita 400 hivi kwa mwaka, na haitabiriki. Mtama wenyewe, pamoja na uvumilivu wake wote, hauna uhakika wa kukomaa kwa mvua hiyo. Lakini pepo za mashariki zikifika kwenye ule ukuta hupanda, hupoa, na mvua huangukia huko juu kwenye nyanda za Ngorongoro. Maji hayo ndiyo yanayorudi chini kwa Mto Engaruka, ambao hutiririka mwaka mzima na kutokeza kwenye korongo miguuni mwa ukuta. Historia yote ya mahali hapa inaanzia mdomoni mwa korongo hilo.

Kati ya karne ya 15 na ya 18 waliishi hapo wakulima waliogeuza eneo la hekta zipatazo 2,000 kuwa mashamba ya umwagiliaji. Vijiji vyao, saba kwa hesabu ya watafiti, vilipanda kwenye mteremko wenye mawe, kila nyumba juu ya kitako kilichosawazishwa na kuzungushiwa ukuta wa mawe makavu bila udongo wa kushikizia. Nadhani mnaona busara yake: watu walilala kwenye mawe, ardhi tambarare ikaachiwa mazao.

Sasa naomba tuingie shambani, maana hapa ndipo penye utajiri. Mfereji mkuu unatoka mtoni sehemu ya juu, kisha unafuata mguu wa mlima kwa mteremko mdogo mno. Ukizidisha mteremko, maji yanakimbia na kuchimba. Ukipunguza, yanasimama na kuacha mchanga njiani. Palipokuwa na bonde walijenga tuta la mawe ili mfereji upite juu yake. Kutoka hapo maji yaligawanywa kwenye mifereji midogo, hadi kwenye vitalu vilivyopakana kwa mistari ya mawe, kila kitalu chini kidogo ya mwenzake, ili maji yakitosheka huku yashuke kule. Mawe yaliyobaki baada ya kusafisha shamba yalirundikwa kwa utaratibu, na marundo hayo bado yapo.

Kuna jambo jingine, ambalo uchunguzi wa udongo wa miaka ya karibuni umelithibitisha. Sehemu ya mashamba yale haikuwa na udongo wa kutosha hapo mwanzo. Wakulima walijenga kuta fupi kukatiza njia ya maji. Maji yenye tope yalipofika ukutani yalipungua kasi, tope likatua. Tabaka likijaa, wakaongeza mstari mwingine wa mawe juu yake, wakasubiri tope jingine. Waliutengeneza udongo waliolima! Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko kuta zote za nyumba ambazo wageni hupenda kupigia picha.

Mifugo nayo ilikuwepo. Ndani ya mashamba kuna maboma ya mawe, na inaelekea wanyama walifungwa humo badala ya kuachwa wazurure katikati ya mtama. Samadi ilikuwa karibu na kitalu.

Mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883 na kuandika habari za magofu. Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika mwaka 1935, akakadiria wakazi kufikia makumi ya maelfu. Hesabu hiyo ilipunguzwa sana baadaye, kwa kuwa si nyumba zote zilikaliwa kwa wakati mmoja. Mwanaakiolojia mwingine, Hamo Sassoon, alichimba miaka ya 1960, na miongoni mwa alivyovipata ni punje za mtama zilizoungua.

Huwa naulizwa watu wale walikwenda wapi. Wataalamu wametaja uhusiano na Wairaqw wa Mbulu, na Wasonjo, yaani Batemi, walioko magharibi ya Ziwa Natron, ambao hadi leo hulima kwa mifereji na maji yao husimamiwa na wazee. Kuhusu sababu ya kuhama, wapo wanaotaja ujio wa wafugaji wa Kimaasai, wapo wanaotaja uchovu wa ardhi. Mimi naegemea kwenye maji. Vijito vingine vilivyokuwa vikilisha mashamba ya pembeni havitiririki tena kama zamani, na mfumo uliopimwa kwa mito kadhaa hauwezi kubebwa na mmoja.

Mto wenyewe haujapumzika. Wakazi wa leo, wengi wao Wamaasai, wanautumia kumwagilia mahindi, maharage na migomba. Kilimo kimerudi palepale pa kale, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo: jembe la leo na magofu vinagombea ardhi moja, na jiwe likishang'olewa kwenye ukuta wa kitalu hakuna atakayejua lilikuwa limeshika tabaka gani la tope. Isitoshe, bonde hilohilo lina hazina ya magadi chini ya ardhi, ambayo serikali kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa imekusudia kuichimba. Sipingi uchimbaji. Ninachoomba ni kwamba mipaka ya mashamba ya kale ipimwe na kuwekewa alama mapema, wakazi wakiwa mezani, na suala la maji ya mto lijadiliwe waziwazi kabla ya mitambo kufika.

Naishia hapo. Mwenye swali anyooshe mkono, na kama kuna aliyekulia maeneo yale, ningependa tuanze na yeye.