Fungu la Utafiti Hutoka Baada ya Mazishi

Mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi vijana mliobanana kule nyuma, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie utafiti wa uhandisi wa migodi na anayeulipia. Nitaanzia kwenye nguzo, maana hapo ndipo fedha, usalama na mipango vinapokutana.

Tarehe 21 Januari 1960, mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook, Afrika Kusini, uliporomoka. Watu 435 walifukiwa, na miili yao iko kulekule chini. Uchimbaji ulikuwa wa vyumba na nguzo: unatoa makaa, unaacha vipande vya makaa hayohayo visimame kushikilia paa. Katika baadhi ya sehemu walirudi kuchimba makaa yaliyobaki juu, nguzo zikarefuka huku unene wake ukibaki uleule. Nguzo moja ikishindwa, mzigo wake humwangukia jirani. Jirani naye akishindwa, eneo zima linakwenda.

Kabla ya siku ile, unene wa nguzo ulipangwa kwa mazoea. Baada yake, fedha za utafiti zikapatikana haraka. Watafiti wawili, Salamon na Munro, hawakuridhika na kuponda vipande vya makaa kwenye mashine ya maabara. Walikusanya kumbukumbu za maeneo 125 ya migodi halisi, 98 yaliyokuwa bado yamesimama na 27 yaliyoanguka, wakatafuta kanuni inayoyatenganisha. Waliichapisha mwaka 1967.

Kanuni yenyewe inasema unene unaipa nguzo nguvu, kimo kinaipunguzia, ila kimo kinapunguza kwa kasi kuliko unene unavyoongeza. Jaribuni wenyewe: zidisheni unene mara mbili na kimo mara mbili. Kwa macho ni nguzo ileile iliyokuzwa tu. Kwa hesabu yao, kila mita ya mraba ya nguzo hiyo imepoteza karibu asilimia 13 ya nguvu yake. Mimi nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea. Salamon na Munro wakashauri nguzo ibuniwe iwe na nguvu mara 1.6 ya mzigo itakaoubeba.

Sasa, katika yale maeneo 125, yapi yalikuwa na thamani zaidi? Ni yale 27. Eneo lililosimama linakuambia kwamba halijaanguka, basi; hujui kama limebakiza nguvu nyingi au kidogo. Lililoanguka ndilo linaloonyesha mpaka ulipo. Na hilo ndilo ambalo mgodi hupenda kulificha, hasa kama hakuna aliyekufa.

Fedha kufuata jeneza si jambo la Afrika Kusini peke yake. Desemba 1907 mlipuko katika mgodi wa makaa wa Monongah, Marekani, uliua watu 362. Mwaka 1910 serikali ikaunda Ofisi ya Migodi, nayo ikafungua mgodi wa majaribio huko Bruceton, Pennsylvania. Wakati ule wenye migodi wengi walikuwa hawaamini kwamba vumbi la makaa linaweza kulipuka lenyewe bila gesi. Mwaka 1911 wakaalikwa waje kutazama, vumbi likalipuliwa mbele yao. Ubishi ukapungua sana. Dawa ilikuwa ya bei rahisi: kunyunyizia njia za mgodi unga wa mawe ya chokaa, ili moto ukipita ukose cha kula.

Lakini kiasi gani cha unga? Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu wafadhili hupenda kusema jambo fulani "limeshatafitiwa". Kwa miaka mingi Marekani ilitaka vumbi la njia za kuingizia hewa liwe na angalau asilimia 65 ya vitu visivyoungua. Nyuma ya namba hiyo kulikuwa na vipimo vya vumbi la miaka ya 1920. Mashine za leo zinasaga makaa kuwa laini zaidi, na vumbi laini hulipuka kirahisi zaidi. Watafiti walipopima upya, ikaonekana inahitajika asilimia 80. Sheria ya dharura ikatolewa Septemba 2010, miezi mitano baada ya mlipuko katika mgodi wa makaa wa Upper Big Branch, Marekani, kuua watu 29. Namba haikuwa ya uongo ilipoandikwa. Ilizeeka kabla ya kupimwa upya.

Kuna njia ya kuondokana na utafiti wa matanga. Australia, tangu mwaka 1992, wazalishaji wa makaa meusi huchangia senti 5 za nchi yao kwa kila tani inayouzwa, na fungu hilo linalipia utafiti wa pamoja. Fedha zinakuja tani zikitoka, awe amekufa mtu au hajafa. Kasoro ipo: bei ikianguka na migodi ikafungwa, fungu nalo linakonda. Hata hivyo naupenda mtindo huu kuliko ruzuku inayosubiri gazeti liandike habari.

Utafiti wa mipango ya uchimbaji haujawahi kupata shida kama hiyo. Watafiti Lerchs na Grossmann walipoonyesha mwaka 1965 jinsi ya kukokotoa umbo la shimo la wazi lenye faida kubwa kuliko yote, hakuna aliyehitaji kufa ili wasikilizwe. Faida hujitetea. Ila ndani ya hesabu hiyo kuna mwinuko wa kuta za shimo. Ukuta ukisimama wima zaidi kwa nyuzi chache, unaokoa tani nyingi za mwamba usio na mali, na unamsogeza dereva aliye chini karibu na maporomoko. Ndiyo maana sielewi ofisi zinazoweka "mipango" na "usalama" kwenye mafungu mawili yenye kamati mbili zisizosalimiana.

Kwa hiyo, vijana, mkiandika andiko la mradi, wekeni kwenye bajeti safari za kwenda kupima maeneo yaliyoporomoka, pamoja na muda wa kuwabembeleza wenye migodi wafungue kumbukumbu zao. Kamati itakata kipengele hicho kwanza, itasema data za maeneo yaliyosimama zinatosha. Kirudisheni, na waambieni habari za yale 27.