Watu Wangu Wote Walikuwa Wanaelea

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Kabla hamjaanza kuniuliza: hapana, sijatoka gereji. Huu weusi wa vidoleni, na huu wa shavuni, na huu wa sikioni ambao hata mimi sijui umefikaje huko, ni mkaa wa kuchorea. Nimeingia ndani sasa hivi. Nikasema nikinawa kwanza nitakaa, nikikaa nitalala, na video itakuwa ya wiki ijayo. Kwa hiyo nitazameni hivihivi.

Wale wa siku nyingi mnaikumbuka ile picha niliyoweka hapa mwaka jana, ya familia ya watu watano wamesimama kwa mstari. Niliichora wiki tatu. Sura zilitoka, nywele zilitoka, hadi vifungo vya shati vilitoka. Mmoja wenu akaandika: "Dada, sura umepatia, ila miguu ya mwanasesere. Wanaelea hao." Wenzake wakajaa pale kucheka. Niliumia, siwafichi. Kidole kilishafika kwenye kitufe cha kumfungia. Halafu nikaikuza ile picha nikaangalia chini ya magoti. Jamani. Watano wote wanaelea. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga ardhi.

Nikaanza kujiuliza nimejifunzia wapi kuchora watu. Jibu: kwenye picha za simu. Mtu ananitumia picha, naichora. Na simu ina tabia yake. Ukimpiga mtu picha kwa karibu, kilicho jirani na lenzi kinavimba na kilicho mbali kinasinyaa. Ukiishika simu usawa wa uso wa mtu aliye karibu, kichwa kinakuwa kikubwa na miguu inakwenda inapungua huko chini. Mimi nilikuwa nanakili upotoshaji huo kwa uaminifu mkubwa, milimita kwa milimita. Na mara nyingi miguu haimo kabisa kwenye picha, kwa hiyo nilikuwa naitunga. Unyayo wa mtu mzima una urefu unaokaribia kichwa chake. Jipimeni baadaye. Wa kwangu nilikuwa nawapa nusu ya hapo.

Ndipo nikaanza kwenda kwenye kikundi cha kuchora mtu aliye hai. Nimeanza miezi minane iliyopita. Ni cha kuingia tu: hujiandikishi, hakuna muhula, hakuna mtihani, hakuna mwalimu. Unalipa kiingilio mlangoni, unatafuta kiti au stendi ya kuwekea ubao, katikati pana jukwaa dogo, na juu yake anapanda modeli, yaani mtu wa kuchorwa. Mtu mmoja anashika saa. Basi.

Sasa, swali mlilonalo nalijua. Amevaa nguo? Hajavaa. Siku ya kwanza nilifika mlangoni nikageuka, nikazunguka jengo, nikarudi. Modeli akavua joho lake, akasimama, saa ikaanza, na mimi macho yangu yakakimbilia mahali salama kuliko pote: sikio. Alamu ikalia. Nina sikio. Sikio zuri sana, katikati ya karatasi kubwa tupu.

Lakini kuna kitu kinatokea ambacho nisingeamini kama ningesimuliwa. Kufikia pozi la nne, aibu ilikuwa imekosa nafasi ya kukaa. Unahangaika: mbona bega hili liko chini kuliko lile? Huu mkono unaishia wapi? Una sekunde 30! Mtu uliyekuwa unaogopa kumtazama umeshamgeuza kuwa tatizo la pembe na uzito, na tatizo lenyewe linakushinda. Ndiyo maana kipindi kinaanza na pozi fupi, sekunde 30, dakika moja, dakika mbili, kisha tano, kisha kumi, na mwisho lile refu la dakika 20 au zaidi, lenye mapumziko. Zile fupi hazikupi muda wa kuchora kope. Unachora mtu anaelekea wapi, unageuza karatasi.

Na ninaposema mkaa, ni mkaa kweli, vijiti vyembamba vya mti vilivyochomwa. Ukikandamiza, kinavunjika. Ukikosea, unapangusa kwa kiganja. Nilidhani ni ushamba, kumbe ndiyo faida yake: mkaa haukuruhusu kuwa mwangalifu. Karatasi wanatumia zile za magazeti ambazo hazijachapwa, rahisi, rangi ya kijivu, ili usizionee huruma. Mimi siku ya kwanza nilipeleka karatasi yangu nzuri na penseli tano zilizochongwa. Nilionekana kama niliyekwenda kulima nimevaa viatu vya sherehe.

Mwalimu hakuna, lakini jirani yupo. Wiki ya tatu nilikaa karibu na mzee mmoja anayechora amesimama, mkono umenyooka, kimya kabisa. Akaangalia mchoro wangu, akaniangalia mimi, akasema neno moja tu: "Anaanguka." Modeli alikuwa amesimama uzito wote kwenye mguu wa kulia, kama mnavyosimama kwenye foleni. Mzee akachukua penseli akaining'iniza vidoleni, iangalie chini yenyewe, akafumba jicho moja, akanionyesha. Ngoja niweke simu vizuri niwaonyeshe.

Hivi. Hapa chini ya koo una kishimo. Mtu akisimama kwa mguu mmoja na ukamtazama kwa mbele, ukishusha mstari wima kutoka kishimo hiki unakuja kuangukia karibu na kifundo cha ule mguu unaobeba uzito. Hauangukii katikati ya miguu miwili. Na mnaona nyonga? Upande uliobeba, nyonga imepanda. Bega la upande huohuo linashuka ili nisianguke. Mwili mzima unakunjika kidogo kama herufi S, na ule mguu mwingine uko likizo, umeegeshwa tu. Mimi miaka yote nilikuwa nachora mabega yamelala sawa, nyonga imelala sawa, miguu miwili imegawana uzito nusu kwa nusu. Mtu wa namna hiyo hayupo, labda gwaride. Nikarudi kwenye ile familia ya watu watano nikaining'inizia penseli mmoja mmoja. Mistari yote inaanguka kwenye hewa.

Kwenye picha ya simu jambo hili unaweza kuliona pia, sikatai. Ila halikusumbui. Mtu aliye hai anakusumbua kwa sababu hatulii. Hili ndilo nataka mlisikie kuliko yote. Katika pozi refu, modeli anazungushiwa utepe wa gundi sakafuni kufuata nyayo zake, ili akitoka kupumzika arudi palepale. Nyayo zinarudi. Mwili haurudi. Dakika ya kwanza mtu amesimama mrefu, shingo juu. Dakika ya kumi na tano nyonga imezama, kidevu kimeshuka, vidole vya mguu uliobeba vimejikunja kung'ang'ania jukwaa na kuwa vyekundu. Nimechora bega nikashuka kuchora kiuno, nikarudi juu, bega limehama! Mwanzoni nililalamika moyoni, mbona hatulii huyu. Baadaye nikaelewa kwamba ule uchovu ndio uzito wenyewe niliokuwa nautafuta. Kamera inaukata mwili mahali pamoja. Pale unachora kitu kinachopambana na ardhi dakika 20, na mpambano huo unaingia kwenye mstari wako hata kama hujui kuuchora.

Nikaenda kusoma kidogo, mnanijua. Kumbe hili la kuchora bila mwalimu si jipya. Karne ya 19 pale Paris kulikuwa na sehemu ikiitwa Académie Suisse, ya jamaa aliyewahi yeye mwenyewe kuwa modeli. Unalipa, unachora, hakuna anayekusahihisha. Walipita pale wachoraji wakubwa, Monet, Pissarro, na Cézanne, na ndipo Cézanne alipokutana na Pissarro mwaka 1861. Kwa hiyo mnaponiona nakaa kimya na watu nisiowajua, msinidharau.

Lakini kuna lingine lililonikaa kooni. London, Royal Academy, chama cha wasanii chenye chuo chake, ilianzishwa mwaka 1768, na kati ya waanzilishi walikuwemo wanawake wawili, Angelica Kauffmann na Mary Moser. Mchoraji Johan Zoffany akawachora wanachama wamekusanyika kwenye chumba cha kuchora modeli. Wanaume wamo ndani, wamesimama, wamekaa. Wale wanawake wawili wako wapi? Wametundikwa ukutani, kama picha. Mwanamke hakuruhusiwa kuwemo humo modeli akiwa uchi. Wanafunzi wa kike wa chuo hicho walisubiri hadi mwaka 1893 kupewa modeli aliyevua nguo, na bado alipaswa kufunikwa sehemu. Waanzilishi! Halafu mimi nageuka mlangoni kwa hiari yangu.

Haya, adabu za humo ndani nazisema upesi. Simu inakaa mfukoni, hakuna kupiga picha, na ndiyo maana leo siwaonyeshi chumba. Modeli haguswi. Mwili wake hausemwi, si kwa ubaya si kwa sifa. Ukichelewa, subiri nje hadi pozi liishe. Na mchoro wa mtu usiuchungulie na kuutolea hukumu bila kuombwa. Hili la mwisho nimelionja: kuna kikundi kingine nilikwenda mara mbili, jamaa mmoja alikuwa anazunguka kila mapumziko kumrekebishia kila mtu, hadi anashika mkaa wako na kuchora juu ya kazi yako. Sikurudi tena. Yule mzee wa penseli alisema neno moja kwa wiki tatu, na bado ninalo.

Mmeniuliza kama nimekuwa bora. Mwezi wa tatu nilikuwa mbaya kuliko nilipoanza, nawaambia ukweli. Vile vitu nilivyokuwa napatia, sura na nywele, vikaharibika, kwa sababu nilikuwa nafikiria nyonga tu. Nilitaka kuacha. Kilichonizuia ni tarehe. Kila karatasi naiandika tarehe na urefu wa pozi, sekunde 30, dakika tano. Usilinganishe mchoro wa dakika 20 wa leo na ule wa wiki iliyopita, utajidanganya, kwa sababu pozi ni tofauti na modeli ni tofauti. Tandaza zile za sekunde 30 za miezi mitatu kwa mpigo sakafuni. Mimi nilipozitandaza niliona kwamba tangu wiki kama ya saba, kimyakimya, watu wangu walianza kukanyaga chini. Vichwa bado kama viazi, lakini wamekanyaga.

Na kama mahali ulipo hakuna kikundi, au hilo la uchi hulitaki, tafuta wenzio wanne. Mmoja anasimama na nguo zake, mwingine anashika saa, mnapokezana. Nyonga inapanda hata ndani ya suruali. Nguo itakuficha baadhi ya mambo lakini uzito haitauficha.

Hili nalisema kwa uhakika kwa sababu ya leo. Leo modeli hakutokea. Tukasubiri. Mshika saa akauliza nani yuko tayari kusimama na nguo zake, dakika kumi. Kimya. Kila mtu anachonga penseli iliyochongwa. Nikajiona nanyanyua mkono, sijui nani aliunyanyua. Nikapanda jukwaani nikapiga pozi la kishujaa, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu umeshika kichwa, uzito mguu wa kulia. Nikajisifu.

Dakika ya pili, mkono wa juu ukaanza kufa ganzi. Dakika ya nne kisigino kinawaka moto. Ya sita nikaanza kuhesabu misumari ya mlangoni, na nyonga naisikia kabisa inavyozama, siwezi kuizuia, na najua kule chini kuna mtu anasema moyoni mbona hatulii huyu. Nilipovuka ya nane nilikuwa nawaomba msamaha modeli wote niliowahi kuwalalamikia. Alamu ilipolia sikushuka, niliporomoka.

Mapumziko wakaniruhusu nizunguke nijione. Michoro kumi na mmoja. Kwa mmoja mimi ni mrefu kama mlingoti, kwa mwingine nina hasira, kwa mwingine nina kiwiko tu. Nikashuka moja kwa moja kuangalia miguu, mnajua kwa nini. Saba kati ya kumi na mmoja hawakuichora, karatasi imewaishia kwenye vifundo. Watatu wameweka mikwaruzo, nami nikaitambua, ilikuwa mikwaruzo yangu ya mwaka jana.

Mzee wa penseli alikuwa ameichora. Mguu wa kulia, vidole vimejikunja vikiwa vimeng'ang'ania jukwaa, na soksi yangu ikiwa na tundu.