Giorgio Morandi: Chupa, Vumbi na Bamba la Shaba

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Giorgio Morandi, mchoraji wa Italia aliyechora hasa chupa na vyombo vya mezani, alizaliwa Bologna tarehe 20 Julai 1890, akafia mji huohuo tarehe 18 Juni 1964. Hakuoa. Aliishi mtaa wa Fondazza pamoja na mama yake na dada zake watatu, na chumba alicholala ndicho alichochorea. Kutokana na hayo wengi humwita mtawa wa chupa. Jina hilo linaficha ufundi wake, na ufundi huo ndio ninaotaka tuutazame.

Ujana nitaupitia upesi. Alisoma Chuo cha Sanaa cha Bologna kuanzia 1907 hadi 1913. Mwaka 1914 alionyesha kazi pamoja na Wafuturisti, wasanii wa Italia waliotukuza kasi na mashine, lakini mbio na kelele zao hazikumkaa. Mwaka 1918 na 1919 alipita njia ya de Chirico na Carrà, wachoraji wa Italia wa picha zinazofanana na ndoto: vichwa vya sanamu za mbao, masanduku, vivuli vilivyokatwa kama kwa kisu. Kisha akarudi mezani kwake.

Mwaka 1930 chuo kilekile kilimpa kazi ya kufundisha michoro ya tindikali, akaifanya hadi 1956. Hapa tukae kidogo. Bamba la shaba au zinki hupakwa nta. Mchoraji hukwaruza nta kwa sindano, kisha bamba huzamishwa katika tindikali, nayo hula pale tu palipokwaruzwa. Baadaye wino hujazwa mitaroni, bamba likafutwa, likabanwa juu ya karatasi yenye unyevu. Hakuna rangi ya kijivu katika kazi hii. Kijivu unakijenga kwa mistari inayokatana, na mwanga ni karatasi tupu. Ukiibananisha mistari mno, nta iliyobaki katikati inabanduka, tindikali inakula eneo zima, na badala ya giza zito unapata doa lililofifia. Kwa hiyo nafasi kati ya mistari inataka uangalifu uleule kama mstari wenyewe.

Morandi alikaribia kuacha kabisa kuzungushia vitu mstari wa nje. Chupa yake inaonekana kwa sababu mistari ya nyuma yake imesongamana zaidi. Tazameni kazi ya 1931 aliyoiita “Natura morta a grandi segni”, ya mistari mipana, mtaona ninachosema.

Somo hilo alilihamishia kwenye rangi ya mafuta. Alibandua lebo za chupa, nyingine akazimiminia rangi ndani ili kioo kisimetemete, na vumbi aliliacha litande kwa sababu linapunguza mng'ao. Kitu kinachong'aa huvuta jicho peke yake na kuvunja kundi. Juu ya meza alitandika karatasi na kuchora duara la kila kitako, ili akisogeza birika kidogo tu ajue lilikuwa wapi. Mpangilio ungeweza kumchukua siku nyingi kabla ya kugusa brashi.

Katika picha za miaka ya 1950 vyombo vimesongamana katikati ya turubai dogo, kingo zikigusana. Hapo ndipo penye hatari: kingo mbili zikilingana sawasawa, jicho hushindwa kujua kipi kiko mbele. Wanafunzi hulikwepa kosa hilo. Morandi alilitafuta makusudi, na katika rangi za maji za miaka yake ya mwisho pengo kati ya chupa mbili lina umbo imara kuliko chupa zenyewe.