Msiziguse Kwanza: Mhadhara kwa Wanaoanza Kozi ya Kumbukumbu na Makavazi

Asanteni, keti, keti. Ratiba inasema nizungumzie nafasi za kazi kwenye kumbukumbu, yaani nyaraka za ofisi, na makavazi zinakohifadhiwa. Nitafika huko tukijaliwa. Wanaonijua wameshaanza kucheka kwa sababu wanajua ninaanzia wapi.

Naanzia kwenye barua moja. Ya mistari miwili tu, imepigwa taipu: "Ombi lako limekubaliwa kwa masharti yaliyotajwa katika aya ya 3 ya barua yetu ya awali." Basi. Sahihi, muhuri. Haya niambieni, ombi gani? La nani? Masharti yapi? Barua halali kabisa, mchwa hajaigusa, na haina maana yoyote. Maana ilikuwa nayo, mpaka siku nilipoishika mimi.

Nilikuwa kwenye atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, katika ofisi moja ya umma hapa mjini. Jina lake tuliache. Karani mkuu wa masjala, yaani chumba cha faili, mzee mmoja mpole, alikuwa likizo. Nikakuta faili nene zimefungwa kwa uzi, barua ya maji imelala juu ya barua ya shamba, shamba juu ya malalamiko ya mishahara. Nikaona uchafu. Mimi na ujuaji wangu wa muhula mmoja nikakata nyuzi, nikang'oa pini, nikazipanga upya kwa mada: ardhi huku, maji huku, pensheni kule. Folda za rangi nilinunua kwa pesa zangu za nauli! Bosi alipita akanipongeza. Alisema hatimaye masjala inapendeza.

Mzee aliporudi hakunigombeza. Alichomoa ile barua ya mistari miwili akanipa. "Binti yangu, hii inajibu nini?"

Nilinyamaza. Ilikuwa inajibu barua ambayo mimi mwenyewe niliitoa chini yake, na sasa ilikuwa kwenye folda ya kijani, au ya manjano, nani ajuaye.

Akaniketisha tukaanza kuzirudisha. Kwanza kwa nambari ndogo za wino mwekundu, pembeni juu kulia, ambazo mzee aliziandika kila barua ilipoingia failini. Mimi nilidhani ni za mtoto wa mtu anayejifunza kuhesabu. Zisizo na nambari tulizitambua kwa kutu. Pini ikikaa miaka kwenye karatasi huacha doa, na karatasi zilizobanwa pamoja hubeba doa moja, mahali pamoja. Tulizinyanyua mbili mbili dirishani, kutu juu ya kutu. Wiki saba, wanangu. Na barua sita hazikupata kwao. Kuna mtu mahali fulani ombi lake lilikubaliwa na hakuna awezaye kuonyesha ni ombi gani.

Wafaransa waliliandika jambo hili katika waraka rasmi mwaka 1841: karatasi za ofisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za ofisi nyingine. Baadaye wengine wakaongeza kwamba hata mpangilio wake wa ndani uheshimiwe. Mtalisoma muhula huu na mtalikariri kwa mtihani. Nawaomba mlikariri kwa vidole. Mkutubi hupanga vitabu kwa mada, naye hakosei, maana kitabu hujieleza chenyewe. Barua haijielezi. Barua ni nusu ya mazungumzo.

Nasikia kijana wa nyuma ananong'ona: Mwalimu, siku hizi kuna kompyuta. Hilo nalisikia kila mwaka! Nimeonyeshwa "mfumo wa kidijitali" ambao ni maelfu ya picha kwenye diski, moja inaitwa skani0047, inayofuata skani0048. Iko wapi ile iliyojibiwa? Hakuna anayejua. Na safari hii hata kutu hakuna ya kutusaidia. Skana ni folda ya rangi yenye waya, basi.

Mwingine atasema haya ni mambo ya makarani, hayaui mtu. Mwaka 1963 wakoloni walipokuwa wanafunga virago hapa Kenya, faili za Nairobi zilichambuliwa: nyingine zikachomwa, nyingine zikasafirishwa Uingereza. Zilizosafirishwa zilikaa zimefichwa hadi mwaka 2011, ambapo kesi ya wazee wetu walioteswa enzi za Mau Mau, kule London, iliifanya serikali yao ikiri kwamba inazo, kwenye kituo chake kiitwacho Hanslope Park. Mwaka 2013 wakaafikiana na wadai 5,228, pauni milioni 19.9. Wazee walikuwa wamesimulia mateso hayo miaka yote hiyo. Simulizi ilipopata karatasi, mambo yakabadilika.

Sasa naona MC ananionyesha vidole viwili. Haraka haraka, basi. Kuteketeza: si kila kitu huhifadhiwa, na kazi ngumu kuliko zote ni kuamua kipi kitupwe. Lakini kumbukumbu za umma huziteketezi kwa kujiamulia. Sheria ya Makavazi, Sura ya 19, ipo tangu 1965, isomeni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 na ile ya Kulinda Data ya 2019 zinavutana, na anayekaa katikati ni wewe. Hilo ni mhadhara mzima, nalifukia. Kazi? Zipo: hospitali, benki, mahakama, kaunti. Kila ofisi inayosema "faili imepotea" inamhitaji mtu, ingawa mimi sijawahi kuona faili yenye miguu.

Na wote mnaokutana "pale Archives", jengo la makavazi ya taifa, Moi Avenue, mkimngoja mtu anayesema yuko karibu, siku moja pandeni ngazi muingie. Ndani kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, na kuna chumba cha kusomea. Bebeni penseli.

Maswali baadaye. Ila karatasi ya mahudhurio imenifikia hapa mbele. Ina majina mengi na nambari za simu. Haina tarehe, wala haisemi ni ya mkutano gani. Kabla hamjatoka, mtu aniletee kalamu.