Baa za zamani za St Albans, mji wa gulio

DADA: Haya karibuni tena, leo tuko St Albans, kaskazini mwa London kama kilomita 32 hivi, na kaka kang'ang'ania tusimulie historia ya mji mzima kupitia baa. Baa jamani!

KAKA: Sa dada, mji wa gulio huu, mpaka leo Jumatano na Jumamosi meza zinapangwa St Peter's Street, wachuuzi wa zamani walikuwa wanalala wapi, kanisani?

DADA: Mahujaji si ndo waliokuwa wanaenda huko?

KAKA: Ehee, walikuja kwenye kaburi la Mtakatifu Alban, na mji wote ulikuwa chini ya watawa, yani hata kusaga kimea cha pombe lazima upeleke kinu cha abasia, yani monasteri yao, ulipie. Watu wakawa wanasagia nyumbani, abati mmoja, mkuu wa watawa, akawanyang'anya mawe yao ya kusagia akayafanya sakafu.

DADA: Sakafu! Anayakanyaga kila siku?

KAKA: Kabisa, ndo mana kwenye maasi ya wakulima ya 1381 wakaingia wakaing'oa ile sakafu, wakagawana vipande.

DADA: Safi sana. Na ile baa ya pembe nane, Ye Olde Fighting Cocks?

KAKA: Ile ilikuwa nyumba ya njiwa ya watawa, abasia ilipofungwa 1539 ikahamishiwa pale chini karibu na mto, baadae wakawa wanapiganisha majogoo. Wenyewe wanajiita baa kongwe kuliko zote Uingereza, kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuwaandika halafu mwaka 2000 kikafuta kipengele chote. Mi ubishi wa nani mkongwe unanichosha, White Hart pale Holywell Hill ndo ina maneno.

DADA: Kwa nini?

KAKA: Barabara ya kwenda kaskazini ilipita hapa, magari ya farasi yanabadilisha farasi, abiria wanakula, hela inaingia. Sasa 1746 akaletwa Lord Lovat, mzee wa Kiskoti, mgonjwa, anapelekwa London kwa kesi ya uhaini, wakampumzisha White Hart, mchoraji Hogarth akamfuata hapo hapo akamchora.

DADA: Akanyongwa?

KAKA: Alikatwa kichwa 1747, na Uingereza hajakatwa mwingine tena.

DADA: Mmh. Na biashara yote hiyo ya farasi ikaishia wapi?

KAKA: Reli, dada. Stesheni ya kwanza 1858, ya pili 1868, nani tena alale njiani?

DADA: Ila mi niliyoitaka ni baa ya Castle, yani Ngome, ile Duke wa Somerset aliuawa mlangoni kwenye vita ya hapa mjini ya 1455, inasemekana alishaambiwa na mtabiri ajihadhari na ngome, kumbe ngome yenyewe jina la baa!

KAKA: Hiyo haipo, kimebaki kibao tu ukutani.

DADA: Yani yenye stori kali ndo wameibomoa, na mi mwenyewe sinywi pombe. Kaka, umenileta huku kufanya nini?